Boriti za Chini

Kwako kaka yangu Hamdu, huko Doha,

Sisi huku Mbwajumali tunamshukuru Mungu. Mvua imekatika, na mbuzi wa jirani amezaa pacha.

Umeniuliza rangi ya vigae. Usitume pesa. Mama alipoanza kunijengea ghorofa juu ya chumba chake, kama anavyojengewa kila binti anayeolewa hapa, fundi alitaka kwanza tubadilishe boriti za chini, zilizoliwa na mchwa. Wewe ukasema pesa ziende juu, wageni wanakoona. Bima ya nyumba nayo ukasema tutailipa harusi ikishapita.

Kwa simu walikwambia mama alianguka akafariki. Hakuanguka, kaka. Alikuwa amelala. Dari ndiyo iliyomwangukia, na chumba changu kikaja nayo.

Ukitaka kujenga tena, anza na boriti, kisha bima. Vigae vingoje.

Kile kioo ulichonitumia cha harusi tumekitoa kwenye kifusi, hakina hata ufa. Njoo ukichukue.

Ndugu yako,
Asmaa