Nywele Zilikuwa Hazijafika Pingili

Mathe,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka, na kwa sababu ungekuwa hai nisingethubutu kumwambia mama yangu hivyo. Sasa utanifanya nini?

Leo asubuhi nimepima nywele zangu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Miezi mitatu. Nilivaa ile tisheti yetu nyeupe ya kupimia urefu, uliyoichora mistari mgongoni, wa kwanza shingoni, wa sita kwenye kamba ya sidiria. Anti Nafula, dada yako, akavuta shungi la nyuma mpaka likanyooka. "Bado mstari wa nne," akasema. Ule ule wa nne ulioniacha nao. Akaongeza kwamba hazikui kwa sababu ya huzuni. Huzuni gani! Kama ulivyowaambia wateja wa saluni yako miaka yote hapa mtaani Pipeline, tisheti inaonyesha zilizobaki, kidole ndicho kinaonyesha zilizoota. Nywele za dawa ya kunyoosha zinaota juu huku zikikatika chini, na mwenyewe anakaa akilia ati kichwa chake kimerogwa.

Kidole sasa. Hapo ndipo hasira iliponipanda.

Ulikuwa unaingiza kidole chako cha shahada kwenye mizizi, unaangalia kama nywele mpya, zile za kipilipili ambazo dawa haijazigusa, zimefika pingili ya kwanza. Hazijafika? Mteja arudi nyumbani, hata kama anaolewa kesho. Yule bibi harusi wa ghorofa ya tano alikununia mwezi mzima. "Mimi sichomi kichwa cha mtu," ulisema, ukaendelea na chai yako.

Leo nimeweka kidole changu. Vidole vyangu ni virefu, vya baba, umevicheka tangu nikiwa mtoto. Pingili yangu si pingili yako, na hakuna aliyewahi kuipima yako. Saluni umeniachia, kipimo umeenda nacho.

Na hata hilo si kubwa. Kubwa ni ile Jumanne. Ulinikalisha kwenye kiti cha kona, ukafungua mkebe wa dawa ya nywele, ukaanza kunipaka mafuta ya kukinga ngozi. Nikakwambia, aki Mathe, hazijafika pingili, ni wiki tano tu! Wewe, uliyemfukuza bibi harusi! "Nyamaza, inamisha kichwa," ukasema. Mikono yako ilikuwa baridi. Nilidhani umechoka. Tangu Krismasi ulikuwa unaniambia ni vidonda vya tumbo, unakunywa maziwa, eti niache kelele. Dawa ikashuka juu ya nywele zilizokwisha kupakwa, ikanichoma nyuma ya sikio, nami nikakununia siku mbili. Siku mbili nzima! Na baada ya hizo zilikuwa zimebaki kumi na moja tu uage dunia.

Anti Nafula alijua kwamba si vidonda. Fundi wa viatu wa pale mlangoni alijua. Walai, mtu wa viatu! Mimi niliyelala chumba kimoja na wewe ndiye sikujua. Ulijua hutakuwepo zikifika, kwa hivyo ukapaka mapema. Ulivunja sheria yako ili unishike kichwa mara ya mwisho, na hukuniambia kwamba ndiyo ya mwisho. Ningekaa vizuri. Nisingenuna. Ningekuomba uoshe polepole, Mama, uoshe polepole sana.

Sasa zinakatika. Zinakatikia pale pale dawa yako ilipoishia, na juu yake zimeota nyingine ambazo hujawahi kuzishika. Kila nikichana, ulizozishika zinaanguka, halafu mimi huyu nazifagia pamoja na vumbi. Leo nimezifagia nikilia, si kwa huzuni, kwa hasira tupu. Nikavuta droo yako kwa nguvu mpaka ikatoka yote, vitu vikamwagika sakafuni.

Kichana chako cheusi, kile cha mkia mrefu, kikaniangukia mguuni. Kwenye mkia kuna mstari mwekundu. Ni rangi yako ya kucha, ile ya Jumapili, umeizungusha vizuri bila kumwaga. Kando yake umekwaruza kwa sindano: PINGILI YANGU.

Nimekaa chini nikakitazama. Kumbe nafasi ulikuwa nayo! Ulikaa, ukapima kidole chako, ukapaka rangi, ukasubiri ikauke. Na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, nasuka mtu. Ulishindwa kugeuza shingo uniambie?

Nikaingiza ule mkia kwenye mizizi. Zimefika, Mathe. Zimepita kidogo hata.

Basi pumzika. Mimi bado nimekasirika, na Desemba nitakuja nyumbani nikuambie tena hapo kaburini, dada zako wakisikia. Jumamosi Anti atanipaka dawa, kwenye nywele mpya peke yake, asiguse zako hata kidogo. Zilizobaki nitazitunza mpaka ziishe zenyewe. Kichana hakitoki saluni hii, na hakuna atakayepakwa dawa kabla ya ule mstari, hata awe bibi harusi.

Lakini nakuahidi na jambo lingine, na usinikatize. Nikijaliwa mtoto, halafu niugue, sitamwachia alama kwenye kichana. Nitamgeuzia kiti anitazame, nimwambie kwa mdomo.

Mimi mtoto wako,
yule wa vidole virefu