Sakafu ya Sketi Kibuli

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia sakafu tena. Hakuna anayeteleza juu yake. Saruji imekauka wiki tatu sasa, sketi za magurudumu zimepangwa stoo, kibali hakuna. Ofisi ya mipango miji inasema mtaa huu ni wa makazi, majirani wapewe kwanza nafasi ya kupinga. Tangazo liko getini kwangu. Kila anayesimama kulisoma, namchungulia dirishani.

Alhamisi, 7 Agosti
Pingamizi moja. Mzee Abdallah, polisi mstaafu, tunayegawana naye ukuta. Ameandika "kelele" na "watu wasiojulikana". Wasiojulikana! Miaka tisa niko Kibuli, hapa Kampala, tangu nitoke Bukavu, na ananisalimia kila asubuhi. Ni kwa sababu mimi Mkongomani. Namchukia. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikukaa chini leo. Nilikwenda soko la Kalerwe kutafuta nyanya, nikarudi na vitunguu. Mdogo wangu Solange anataka nikaongee na mzee. Nimekataa. Asubuhi mzee alinisalimia, sikuitika. Aibu kidogo. Hasira zaidi.

Jumatano, 13 Agosti
Afisa wa mipango alikuja kukagua. Dada mpole, futi mkononi. Akamuuliza mzee kelele gani, na uwanja haujafunguliwa.
"Huyu Solange alijaribu sketi zake juzi," mzee akasema. "Ingieni muone."
Chumbani, mke wake, Mama Halima. Nilidhani amekwenda kwa ndugu zake Arua. Kumbe kiharusi. Walimtoa hospitali ya Mulago mwezi uliopita. Kitanda kimegusa ukuta wetu.
Afisa akamtuma Solange ateleze. Mimi nikabaki ndani. Ukuta ulinguruma kama mawe yanasagwa. Mama Halima alifumba macho, mkono wake usiopooza ukakamata shuka.
Nilipiga kelele dirishani: "Solange, simama!"
Nikamuuliza mzee kwa nini hakuniambia.
"Hataki watu wamuone hivi, mama. Ningesema nini?"


Alhamisi, 14 Agosti
Usingizi mbovu. Tangu alfajiri napima uwanja kwa hatua. Upande wa barabara kuna nafasi, nikiondoa kibanda changu cha soda. Uwanja utabaki nusu. Saruji iliyo kando ya ukuta wa mzee ivunjwe, ipandwe nyasi. Nimelia kwa ajili ya saruji, mtu mzima mimi. Kisha nikapeleka mchoro mpya ofisini kabla hawajaniamuru.

Jumatatu, 25 Agosti
Mafundi wanavunja. Mzee amemhamishia mkewe kwa binti yao kwa siku mbili. Nilisaidia kumpandisha garini. Mwepesi mno. Alinitazama usoni. Sijui kama alinijua.

Jumamosi, 13 Septemba
Kibali kilitoka jana. Tumefungua. Watoto sita tu. Mmoja alianguka, akalia, akakataa kuvuliwa sketi.
Saa kumi Mzee Abdallah alikuja getini. Nikasimama.
"Mama Halima amelala. Kelele hazimfikii," akasema.
Akaangalia watoto kidogo, kisha akarudi kwake.