Kidonge Kinachomulika

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Kifua kinaendeleaje? Sisi huku wazima, ila kaka amenisimulia mambo yako. Eti ulipoona ule mpira wa kuingizwa kooni, ukavaa viatu ukaondoka, daktari bado anavaa glavu! Baba, kiungulia cha miaka yote hii si cha kuchezea. Kazi yangu ni unesi, nimeona kinakowafikisha watu. Nimezungumza na daktari wa huko. Wana kidonge chenye kamera ndani. Unakimeza kwa maji, kinapiga picha za umio kikishuka, kisha kinatoka chenyewe chooni. Hakuna mpira. Nakuomba ukubali.

Binti yako

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa kusimama tu. Uchachu unanipanda mpaka puani.

Hicho kidonge nakijua kuliko wewe. Mwaka jana tulizibua mabomba ya hospitali hiyo hiyo. Nikatia mkono hadi kwapani, nikatoa bonge la pamba, nywele na mengine nisiyoweza kuyaandika, na katikati yake kitu kama haragwe kinamulika, pwa, pwa, pwa. Nilitapika palepale, mimi niliyezibua vyoo maisha yangu yote. Leo unaniambia nikimeze? Ile kamera yangu ya kazini, ya kuchungulia mabomba, naiosha kwa dawa mara tatu, na bado siwezi kuilamba. Ptuu! Usinitajie tena.

Baba yako

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Nilicheka, halafu nikalia. Chako kitatoka kwenye boksi lake, hakijaguswa na koo la mtu, na kikishatoka hakimrudii mtu. Kinyaa hakiui. Mficha maradhi kifo humuumbua, baba.

Binti yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Umenyamaza mno. Umenikasirikia? Andika hata mstari mmoja.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumai u mzima. Sikukasirika, niliona haya.

Nilikuwa mezani na Chiriku, binti wa kaka yako, yule asiyejua kufunga mdomo. Nikacheua. Maji machungu yakanitoka mdomoni na puani, yakaangukia sahani yake. Hakusema neno. Chiriku, kimya! Akachukua kijiko chake akaenda jikoni, na tangu siku hiyo anakula huko huko. Ule uso wake naujua. Ndio niliokuwa nao mimi nilipoona kile kidonge kiganjani. Kumbe sasa uchafu wenyewe ni mimi.

Basi nikaenda nikakimeza. Nilifumba macho, maana najua vizuri mno kinakoelekea. Baadaye daktari akanionyesha picha, akaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Nikamwambia asijisumbue, mabomba nayajua. Hili halijaziba, limeliwa. Kule chini kuta zimechubuka, nyekundu, zinachukiza kutazama. Kwetu bomba la namna hiyo halizibuliwi, hukatwa. Akasema kwanza watachukua kipande kidogo cha nyama wakakipime, na safari hii ni kwa mpira. Nimekubali mpira.

Ni Jumatatu ijayo. Naogopa, mwanangu. Usiniandikie maneno ya kunipa moyo. Njoo ukae nami mezani, ule chakula chako. Nikicheua, geuza uso, sitajali. Ila usinyanyuke.

Baba yako