Shemeji Ndani ya Kompyuta

Papa,

Nimeona sauti. Najua ungenicheka, lakini niache nieleze.

Tangu tukuzike, karakana imebaki mikononi mwangu. Mama bado anapika chungu kile kikubwa, kisha anakumbuka. Wavuvi wanachungulia mlangoni, "Fundi iko?" halafu wanavua kofia.

Mvua zilipokwisha, mwenye boti mmoja wa Kabuta alileta shafti ya propela. Alitaka nikate upya ule mfereji mwembamba unaoshika propela isiteleze. Chuma kilikuwa kigumu kuliko vyote ulivyonifundishia, na kwenye mashine ya kukatia imebaki freze moja tu, kile kisu cha kuzunguka chenye meno manne ulichokuja nacho kutoka Lubumbashi. Jino likivunjika, karakana imekufa.

Niliogopa, Papa. Nikapanda basi hadi Kitwe kutafuta freze nyingine. Sikupata. Lakini Mulenga, yule mtoto wa shangazi anayefundisha chuo cha ufundi, aliniketisha mbele ya kompyuta. Akaniuliza: meno mangapi, chuma gani, kina gani, mwendo gani. Akaandika.

Chuma hakikuwepo. Hapakuwa na mafuta, wala moshi, wala vile vipande vya moto vinavyoruka na kuunguza mikono. Palikuwa na kioo cheusi tu, na juu yake mstari wa kijani ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kila jino likiingia kwenye chuma ambacho hakipo. Nguvu ile uliyokuwa unaipima kwa kiganja juu ya meza ya mashine, mimi nikaiona kwa macho.

Kisha Mulenga akauliza kama freze yetu inazunguka sawasawa. Nikasema hapana, imeyumba kidogo tangu zamani. Akabadilisha tarakimu moja. Kilele kimoja kati ya vinne kikapanda kupita vingine.

"Shemeji!" nikapiga kelele. Wanafunzi wote wakageuka.

Unakumbuka? Ulikuwa unagonga benchi kwa kidole, ta, ta, ta, TAA, huku unacheka na kuniambia: "Sikia, mama. Ile meno moja iko shemeji. Inakula kupita benzake!"

Nilipomweleza, Mulenga alicheka hadi akavua miwani. "Dada, shemeji huyu atatuvunjia sahani." Akapunguza mwendo wa meza inayosogeza chuma kwenye meno, kidogo, kidogo tena, mpaka kilele cha shemeji kikashuka chini ya pale ambapo jino lingevunjika. Mimi nikalia, mbele ya watu.

Niliporudi nilifunga shafti, nikaweka kiganja changu pale kiganja chako kilipomaliza rangi. Nikasogeza meza polepole kama tulivyoona. Ta, ta, ta, taa. Shemeji alikula kwa adabu, kama amekuja ukweni mara ya kwanza. Mfereji umekamilika. Meno yote manne yapo. Asubuhi hii niliisikia ile boti ikivuka ziwa kwenda Kilwa, upande wa Kongo.

Karatasi yenye vile vilele nimeibandika karibu na koti lako. Mulenga anasema nikibadilisha bushi iliyochakaa, ile inayofanya freze iyumbe, meno yote yatakula sawa. Nitaibadilisha, nakuahidi, kwa sababu ungetaka mashine iwe nzima. Lakini kabla ya kuifungua nitaiwasha mara moja, nikae kwenye kiti chako, nimsikilize shemeji kwa mara ya mwisho.

Pumzika, Papa. Siku hiyo, kama uko karibu, gonga pamoja nami.

Mutoto wako,
Chanda