Chaneli ya Pili

Jumatatu, 5 Mei

Nimepata kazi! Nimepata! Mimi, Amirah Saleh wa Kaloleni, mwendeshaji wa redio koli, Dunga Beach. Hata sijavua viatu, naandika.

Usaili ulikuwa vituko. Mezani watatu: Mama Adongo, mwenyekiti wa chama cha wenye mashua. Mzee Zadock, aliyefanya kazi kwenye feri maisha yake yote, ndiye atanifunza. Na Bwana Okinyi, nahodha wa mashua ya abiria, mtu wa maneno machache. Mzee Zadock akaniuliza kwa Kizungu: utafanya nini “channel” ikiziba? Nikajibu nitahamia namba nyingine kwenye redio, niite tena. Akatabasamu. Okinyi akaruka! Namba gani? Chaneli ikiziba unazima injini, unangoja upepo usukume gugumaji. Kumbe yeye anawaza njia ya majini! Wakabishana wao kwa wao, Kiluo na Kizungu, mimi nimekaa katikati kama mgeni kwenye harusi ya watu. Mwishowe Mama Adongo akapiga meza: msichana amejibu, tuendelee na mengine.

Kesho saa moja asubuhi. Nitalala kweli?

Jumanne, 6 Mei

Kibanda changu ni cha mabati, kina dirisha moja, na dirisha lote ni ziwa.

Mzee Zadock anafundisha polepole. Bonyeza, vuta pumzi, taja jina la unayemwita, sema, achia. “Jina kwanza, nyathina, mwanangu. Hewani mko wengi.” Chaneli ya kwanza ni ya kuitana tu. Mazungumzo yakirefuka, mnahamia ya pili, ili ya kwanza ibaki wazi kwa mwenye shida.

Sasa ajabu — majini pia ziko mbili! Gugumaji limefunika mbele ya ufuo, kwa hivyo wenye mashua wamekata njia mbili ndani yake. Moja inapita kando ya mafunjo, nyingine kando ya mawe. Nazo wanaziita chaneli ya kwanza, chaneli ya pili. Nikamuuliza Mzee kama haileti fujo. Akasema watu wamezoea.

Nyumbani nikamsimulia Baba. Akacheka, halafu akakunja uso. Kwake neno hilo ni la ofisini. Miaka minne alifuata hati ya kiwanja cha babu, kila dirisha anaambiwa, Mzee, hujapitia chaneli. Siku alipomwendea mkubwa wao moja kwa moja — umeruka chaneli! “Alikotoka babu yako, huko pwani, pahali chombo kinapopita ni mlango,” akasema. “Mlango mtu anauelewa. Uko wazi ama umefungwa.” Na papo hapo Mama anapaza sauti kutoka sebuleni: hebu nibadilishieni chaneli, tamthilia yangu inaanza!

Neno moja, na katika nyumba moja lina kazi chungu nzima. Kiingereza kina uvivu wake.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimeita mwenyewe! Mashua sita, zote zimenijibu. Calvince, yule wa mashua ya watalii, ananiita “Dunga FM”. Nimecheka hadi nikasahau kuachia kitufe — ziwa zima limesikia.

Jumatatu, 12 Mei

Wacha niandike ilivyokuwa.

Saa nane mchana. Upepo ulikuwa umegeuka ghafla na gugumaji linatembea — unaliona kabisa, kama shamba linalohama. Njia ya kando ya mawe ilikuwa imeanza kujifunga tangu asubuhi. Okinyi anarudi kutoka upande wa Kendu Bay na wachuuzi kumi wa samaki, wote wanawake. Wakati huohuo Calvince ananiita, injini yake inakohoa, anaeleza, anaeleza, amejaza hewa yote. Nikabonyeza: “Hamia chaneli ya pili, over.”

Calvince akahama. Tukazungumza. Niliporudi ya kwanza, nikasikia wanawake wanapiga kelele.

Okinyi alikuwa amegeuza mashua. Ameingia njia ya pili ya majini, ile ya mawe! Gugumaji likafunga mbele, likafunga nyuma, propela ikasokotwa na mizizi, injini kimya. Na hilo shamba lote linawasukuma kuelekea kwenye mawe.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nikamwita Okinyi, nikamwambia aniambie anachoona: mawe yako mkono gani, mafunjo yako wapi. Yeye anaona majani tu. Mimi kutoka dirishani naona kichwa cha mashua na kitambaa chekundu cha mama mmoja. Mzee Zadock akakimbia ufuoni, akakusanya wanaume wanane, mapanga, redio ya mkono na mashua mbili za kupiga kasia. Nikawa macho yao. Kateni kushoto. Hapana, kushoto kwenu! Mbele. Bado. Wanawake ndani ya mashua wakashika miti ya kusukumia, wakaizuia mashua isigonge mwamba kwa mikono yao wenyewe. Kiboko mmoja akaibuka, akatuangalia kama tumemharibia siku, akazama.

Saa kumi na moja kasorobo, kamba ikafika. Watu wote kumi na mmoja nchi kavu! Yule mama wa kitambaa chekundu akaja hadi kibandani, akanikumbatia, ananuka dagaa wa omena na maji ya ziwa, tukalia na kucheka pamoja. Ufuo mzima unaniita shujaa.

Shujaa. Nilitaja jina kabla ya kusema? Nimejiuliza njia yote hadi nyumbani.

Sikutaja.

Jumatano, 14 Mei

Kamati imekaa. Okinyi akasimama, kofia mkononi. “Mimi nilisikia chaneli ya pili. Sikio yangu haina shida. Redio ndio inaona mbali, redio ikisema nenda, naenda.” Calvince akasema maneno yale aliambiwa yeye, yeye ndiye alikuwa anaongea. Mama Adongo akanigeukia: ulitaja jina la Calvince?

Nikasema ndiyo.

Lilitoka lenyewe. Lilitoka kabla sijalifikiria. Watu wote walikuwa wananiangalia vizuri — sijawahi kuangaliwa hivyo maishani.

Okinyi amesimamishwa mwezi mmoja, kwa kufuata ujumbe wa mtu mwingine. Nahodha kwa miaka ishirini na mbili. Hakubisha. Alinitazama mara moja tu, akavaa kofia.

Alhamisi, 15 Mei

Sikwenda kibandani kwanza. Nilienda kwa Okinyi. Alikuwa ameigeuza mashua yake kifudifudi, anaziba nyufa kwa pamba na lami.

Nikasema yote bila salamu. Kwamba sikutaja jina. Kwamba nilidanganya mbele yake. Nilitarajia matusi. Akaendelea kusukuma pamba kwenye ufa.

“Umeambia Mama Adongo?”

“Bado, Bwana Okinyi.”

“Basi unangoja nini hapa?”

Nikaenda. Mama Adongo alikuwa na samaki mkononi, akamweka chini. Alinisema! Wewe msichana, wanawake kumi ndani ya maji, na unakuja na mdomo mtamu kwa kamati! Mzee Zadock akajaribu kuniombea, naye akasemwa: wewe mzee uliambiwa majina yanafanana, ukasema watu wamezoea! Halafu akanawa mikono, akatoa uamuzi. Okinyi anarudi kazini leo hii, na mimi nitasema kosa langu hadharani Jumamosi, mbele ya ufuo mzima. Baada ya hapo watu wataamua kama nibaki.

Naogopa Jumamosi. Lakini nimekula chakula cha mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, sahani mbili!

Jumamosi, 17 Mei

Nimebaki!! Kwa kura! Si nyingi, lakini nimebaki!

Nilisimama juu ya kreti, nikasema, sauti ikakatika mara mbili. Halafu yule mama wa kitambaa chekundu — jina lake Adero — akasema yeye alikuwa ndani ya ile mashua, na ana haki ya kuuliza. Hii “chaneli” ni nini hasa? Mtoto wake akiitaja ni katuni. Chifu akiitaja ni barua. Nyinyi mkiitaja ni maji, na huyu msichana akiitaja ni redio. Mtu akisikia vibaya anakufa, sivyo? Basi tuachane na neno hilo.

Yawa! Mkutano ukawaka moto! Kila mtu ana neno lake. Mmoja anataka “mkondo”, mwingine anauliza mkondo ni nini. Calvince anataka “barabara”, wakamzomea. Mwishowe ikapita: kwenye redio tutasema namba tu. Na majini tutasema Kiluo, kwa kile jicho linachokiona. Njia ya mafunjo ni Yor Togo. Njia ya mawe ni Yor Kite. Nani ataisikia Yor Kite adhani ni televisheni? Neno chaneli tumewaachia watu wa ofisi, akasema Mama Adongo. Baba alikuwepo nyuma, alicheka kuliko wote.

Sharti moja la Mama Adongo: mwenye redio lazima azione njia hizo kwa macho yake, kutoka majini. Jumatatu naingia mashuani. Ya Okinyi.

Kura yake sikuiona.

Jumatatu, 19 Mei, ndani ya mashua

Naandika gotini, herufi zinaruka. Mzee Zadock amenishikia kibanda. Tumetoka saa mbili, mimi na Okinyi tu, na tangu tutoke amesema neno moja: “Kaa.”

Lakini jamani, ziwa! Kutoka dirishani lilikuwa karatasi. Huku chini gugumaji limekuwa ukuta, lina maua ya zambarau na vyura na ndege wanaotembea juu yake kama wako sokoni. Huoni mita ishirini. Sasa naelewa kwa nini aliniamini. Mtu akiwa hapa hana kingine cha kuamini.

Yor Togo imejifunga mbele yetu. Okinyi amezima injini. Tunangoja. Nimemwambia samahani tena. Ametazama maji.

Upepo umegeuka. Kitu kinasogea upande wa kushoto — ufa wa maji meusi, mwembamba, unafunguka! Si Yor Togo, si Yor Kite. Nimemwonyesha. Nimemuuliza ile inaitwaje.

“Hiyo haina jina,” amesema. “Imezaliwa sasa hivi.”

Amesimama, amenyoosha shingo. Kutoka nyuma alipo haoni inaishia wapi, mimi niko mbele, mimi naona kidogo — inapinda, halafu kama kuna mwangaza, kama ni maji wazi. Au ni majani tu yanayong’aa. Amewasha injini. Hajaiondoa mashua. Ananitazama mimi.

“Tupite?”

Nimepanda juu ya ubao nione vizuri: ni maji wazi. “Bwana Okinyi,” nimeanza, jina kwanza, “pita.”