Boti Nyuma ya Trela

Dada yangu Arlene,

Tumevuka Nebraska salama. Pikapu inavuta trela letu la kulala, na nyuma ya trela tumefunga boti ya kuvulia. Delmar hajambo, ila kila kituo cha mafuta anakwenda kuikagua boti, na mimi kanikataza kuigusa. Nikashuku ana mwanamke.

Leo alipoingia msalani nikafungua turubai. Nikakuta makoti yake ya baridi, na huu ni Julai!

"Delmar, unaniacha?" nikamuuliza alipotoka.

"Nikuache vipi, mke wangu? Yako yamo chini ya hayo." Akainamisha kichwa. "Nyumba yetu, ile ya baba yangu, nimeiuza, Verna; hatuna pa kurudi. Niliogopa kukwambia."

Basi usinijibu kwa anwani ile ya nyumbani. Mpya sina, na Delmar bado simsemeshi.

Mdogo wako,
Verna