Gerrit Hoekstra na Chumvi Yake ya Majimaji

Mwaka umekwisha tangu ututoke, Baba Janelle, na kusema kweli tumechoka. Tumechoka kupokea pole, tumechoka kuona viatu vyako mlangoni na kukosa moyo wa kuviondoa.

Ulikuwa mtu wa watu. Theluji ikianguka ulisafisha njia ya jirani kabla ya yetu, kisha unarudi kulalamika kwamba kahawa imepoa. Kanisani ulisinzia hata kabla ya mahubiri, nami kazi yangu ikawa kukufinya.

Kazi yako wewe ilikuwa ile chumvi ya majimaji inayoyeyusha mabua ya mahindi ili yageuzwe mafuta ya magari. Wengine waliitengeneza kwa dawa ghali zenye sumu, wakaikausha mpaka tone la mwisho, maana ndivyo walivyofundishwa chuoni. Wewe ukachukua viungo vya bei ya chini, ukaiacha na maji yake, na ikishayeyusha ukaichuja uitumie tena. Lowell, mwenzako wa karakana, alikucheka: "Hoekstra, unachakachua kama muuza maziwa!" Ukamjibu, "Cheka, lakini leta ndoo nyingine."

Wenye mradi, waliotoa fedha za karakana, walishasema: chumvi isipotumika tena na tena, karakana inafungwa. Ukafariki kabla hujajua kama ya kwako wataikubali.

Baada ya mazishi wakaleta mtaalamu mpya, naye akarudia mazoea. Akaikausha. Gharama zikapaa, mabua yakatoka yameungua kama mkate uliosahauliwa ovenini. Jamani! Jasho lako lote lilikuwa linaelekea jalalani. Janelle, aliyeacha kazi yake mjini ili aiendeleze yako, akawa nyumbani anakuja kulala tu. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi hiyohiyo ndiyo iliyommaliza baba yako." Akachukua koti, akarudi karakana.

Mwezi uliopita yeye na Lowell wakairudishia chumvi maji yake bila kumuomba mtu ruhusa. Wakayeyusha, wakachuja, wakayeyusha tena kwa ileile, hadi wenye mradi wakakubali karakana ibaki. Janelle akaingia jikoni ananuka mabua, analia: "Mama, imekubali! Ya baba imekubali!"

Nikageukia sebuleni nikuite. Jina lako lilikuwa limeshanitoka mdomoni.

Unakumbukwa na mimi mkeo Verna, binti yetu Janelle, dada yako Alida, na Lowell pamoja na wenzako wote wa karakana. Hutoki mioyoni mwetu kamwe.